Napotea Toledo, Nilikozaliwa

Jumamosi, 14 Juni

Niseme haraka kabla sijaona haya. Nimezaliwa Toledo, nimekulia Toledo, na ninapotea Toledo. Sijamwambia mtu. Si mama, si padre. Miaka yote ya shule nilitembea nyuma ya mkoba wa rafiki yangu Nieves. Nieves akiugua, na mimi niliugua.

Sasa shule imekwisha na Nieves amehamia pwani. Na leo Shangazi Casilda ameteleza kwenye mawe ya mteremko, akavunjika kifundo cha mguu! Yeye ndiye anayewatembeza wageni wa hoteli. Meneja amesema asipopatikana wa kumshikia nafasi hadi Sikukuu ya Ekaristi, wageni watakuwa wa Leocadio, yule mtembezaji mwingine wa mwavuli mwekundu, moja kwa moja. Shangazi alinitazama kutoka kitandani. Akaniuliza kama njia nazijua.

Nikasema hata nikifungwa kitambaa machoni.

Kwa nini nilisema vile? Kitambaa!

Jumatatu, 16 Juni

Mpango: mnara wa kanisa kuu. Unaonekana kutoka dirisha la jikoni kwetu. Nikiufuata, sipotei. Nilijiona nina akili.

Nikawatoa wageni hotelini, Waholanzi watupu, warefu. Tukakata kona, nikainua macho. Turubai! Mitaa yote ya maandamano ya Ekaristi imefunikwa turubai nyeupe, paa hadi paa, kama kila mwaka kabla ya sikukuu. Nimekuwa nikipita chini yake siku zote hizi nikitazama viatu vyangu. Mnara hakuna. Hata mbingu hakuna.

Tukapita duka la vitamu vya lozi. Tukalipita tena. Mara ya tatu mwenye duka alitoka mlangoni, mikono kiunoni. "We binti, hao umewapoteza wewe, au wao ndio wamekupoteza?"

Nikawaambia wageni kuwa ni desturi yetu kulipita duka lile mara tatu, kwa baraka. Wakavua kofia. Mzee mmoja akafumba macho na kuomba. Masikio yangu bado yanawaka.

Jumanne, 17 Juni

Mpango mpya, bora zaidi: kumfuata Leocadio. Yeye hapotei. Nikae nyuma kidogo, jicho kwenye mwavuli.

Sinagogi, tumefika! Daraja, tumefika! Waholanzi wakanipigia makofi. Kichwa kikaanza kuvimba. Kumbe Leocadio alikuwa ameshawaaga watu wake, nami sikuona, kwa sababu mwavuli uliendelea kwenda. Nikaufuata. Kichochoro, ngazi, ua. Nikageuka nikawaeleza wageni kwa sauti ya heshima kwamba hapa ni nyumba ya kale ya Kitoledo.

Ilikuwa kwa mama yake. Alikuja kula.

Mama akatoka na mwiko. "Mwanangu! Umeniletea kijiji kizima na dengu nimepika za watu wawili?"

Leocadio akanitazama, akaanza kucheka taratibu, kama maji yanayokaribia kuchemka. "Guiomar, msalimie shangazi yako. Mwambie siku hizi naongoza vikundi viwili, changu na chake."

Wageni walikaa chini ya mzabibu wakala zeituni. Mmoja akaninong'oneza, akiuliza yule mama ni wa karne ya ngapi.

Jumatano, 18 Juni

Leocadio hajanisema kwa shangazi. Ameniambia atanyamaza mpaka sikukuu ipite, aone nitafika wapi. Huruma ya namna hiyo inauma kuliko kofi.

Kesho Waholanzi wana viti vyao kando ya njia ya maandamano. Shangazi atakuwepo, meneja atakuwepo. Nisipowafikisha, shangazi hana kazi tena. Basi asubuhi nilivuka mto nikachuma thaimu, yale majani ya kiungo yanayonukia, mfuko mzima. Jioni nikamwomba mama tutembee kutoka hotelini hadi kwenye viti, eti kupunga upepo, na kila kona nikadondosha kijitawi nyuma ya sketi. Mama akauliza mbona nanukia kama mwanakondoo wa oveni.

Alhamisi, 19 Juni

Nilitoka na wageni macho chini. Kona ya kwanza, thaimu! Ya pili, thaimu! Kisha thaimu kila mahali, ukuta hadi ukuta.

Bila shaka. Kila mwaka jiji huitandika njia nzima thaimu ili Ekaristi ipite juu yake. Kila mtoto wa Toledo anajua. Mimi mwenyewe najua! Niliimwaga kwa mikono yangu mwaka wa komunyo yangu ya kwanza.

Nikaendelea kuifuata. Ningefanyaje? Ikatupitisha katikati ya askari, nao wakadhani tumealikwa. Nikasikia ngoma mgongoni. Mbele yetu watoto wa komunyo, nyuma yetu wazee wenye majoho na mishumaa, katikati mimi na Waholanzi wa kaptura. Petali za waridi zikatuangukia kutoka roshani. Mholanzi mmoja alipungia watu mkono kama askofu.

Tukavipita viti vyetu. Vitupu. Kando yake Shangazi, mguu wa plasta juu ya kigoda. Nilitaka kusimama, lakini maandamano hayasimami. Shangazi akajifunika uso kwa upepeo wake. Sikulia barabarani. Nililia ndani ya kanisa kuu, ambako hatimaye tulifika.

Jumamosi, 21 Juni

Meneja amefurahi! Wageni wamemwambia hakuna hoteli iliyowahi kuwatia ndani ya maandamano. Nafasi ya shangazi imebaki, na mimi niendelee kiangazi chote.

Shangazi haamini hata neno. Amenikalisha karibu, akanishika kidevu. Akasema hatagomba. Niseme ukweli tu, njia nazijua au sizijui. Kama sizijui atanifundisha mwenyewe, kwa magongo yake, mtaa kwa mtaa, na hakuna atakayejua. Alisema kwa upole mpaka nikaona haya ambayo sijawahi kuiona. Nikafungua mdomo.

Nikasema nazijua.

Jumatatu wanakuja Wareno. Sina wasiwasi. Nimechunguza: mbwa wa mwoka mikate hupita mbele ya hoteli kila asubuhi, hushuka hadi kanisa kuu, huenda darajani, hurudi. Nimeshamnunulia soseji. Mbwa hamsimulii mtu. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba, usimsimulie mtu.