Sufuria ya Shaba ya Bi Borghild

Asgeir Fossli hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Alikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, na Oslo ukivaa kizibao hicho watu hukufungulia wenyewe, kisha wanakuuliza kama utapenda kahawa.

Alhamisi moja ya mwezi Mei alipita mtaa wa Torshov akaona tangazo kwenye geti jekundu la jengo la ghorofa: Jumamosi ni dugnad, wakazi wote washuke kusafisha ua na chumba cha mapipa. Asgeir akavua kofia kama yuko kanisani. Siku ya kazi ya pamoja Mnorwe hakatai jembe, haulizi sana, na yuko radhi avunjike kiuno kuliko jirani amwone amekaa.

Jumamosi akaja na gari la mizigo la shemeji yake, ubavuni kabandika karatasi: "Kitengo cha Tabianchi". Moyoni alikuwa na neno moja tu, shaba. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anamsubiri alasiri.

"Ndugu zangu," aliwaambia wakazi, "mabaki ya chakula mnayatenga vizuri, mabasi yanatembea kwa gesi yake, hongereni. Ila huko darini mmeficha nini? Kila sufuria ya shaba inayolala darini inaifanya dunia ichimbe nyingine. Na moshi wa kuiyeyusha hiyo nyingine ni wenu."

Watu wakatazama viatu vyao.

"Wenzenu wa ng'ambo ya barabara wameshatoa," akaongeza polepole, akiinua nyota ya ushindi ya kadibodi aliyoipaka rangi ya kijani jana yake jikoni. "Naona hii itatundikwa kwao tena."

"Wale?" mwenyekiti Trygve akauliza. "Wale wanaotupa betri kwenye maua?"

Basi ikawa mbio. Birika zikashuka, masufuria yakashuka, hata kengele ya mlango ya mtu ikashuka. Mwisho akaja Bi Borghild Aune, mjane wa ghorofa ya juu, amekumbatia sufuria kubwa kama beseni. Ndimo mama yake alimochemshia kahawa ya dugnad tangu jengo lilipojengwa.

"Chukua, mwanangu," akamwambia Asgeir. "Mama angependa tuwashinde wale."

Synnøve, jirani yake aliyemfunga mtoto kifuani, aliuona mkono wa bibi ukikawia kwenye kishikio. Moyo ukamuuma. Lakini atabishana vipi na mtaalamu?

"Haya, mimi naaga," alisema Asgeir.

"Unaaga uende wapi?" Trygve akamkabidhi reki. "Dugnad haijaisha."

Mtu wa serikali anayekimbia dugnad si mtu wa serikali. Asgeir akakwangua majani hadi malengelenge yakamtoka. Saa ya mapumziko akapewa keki bapa ya kubanwa kwenye chuma cha moto, yenye jibini ya kahawia, na ndizi. Ndizi akaila, ganda akalitia kwenye mfuko wa buluu.

Synnøve akaacha kutafuna.

"Kaka, mfuko wa buluu ni wa nini vile?"

"Wa buluu? Wa... vitu vya kawaida tu."

Mabaki ya chakula huwekwa kwenye mfuko wa kijani, plastiki kwenye wa buluu. Watoto wa chekechea wa Torshov wanaimba hivyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Synnøve akamnong'oneza Bi Borghild, Bi Borghild akamnong'oneza Trygve. Hakuna aliyepaza sauti. Kugombana siku ya dugnad ni aibu kuliko wizi.

"Kaka Asgeir," Synnøve akasema kwa upole, "hebu tuoneshe kitaalamu chumba cha mapipa kinavyosuguliwa. Sisi tutakupakilia mzigo."

Sifa zikampanda kichwani. Akaingia na brashi, akasugua kuta, akasugua sakafu, na wimbo juu. Alipotoka, milango ya gari ilikuwa imefungwa kwa kamba na matairi yamekalia chini kwa uzito. Akashikwa mkono na kila mtu. Bi Borghild akamfungia keki za njiani.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akafungua gari, akarudi nyuma hatua kadhaa. Mifuko ya kijani hadi kwenye paa, imefungwa mafundo mawili mawili, na vichwa vya samaki vya juzi ndani yake.

"Hii ndiyo shaba?"

"Shaba iko chini," Asgeir akajaribu.

"Basi nenda nayo huko huko chini."

Ikabidi apeleke mzigo kwenye kituo cha taka cha jiji. Mhudumu akapita akikagua mifuko, akafurahi kweli.

"Hakuna hata plastiki moja humu. Umetoka jengo gani, tulisifie?"

Asgeir alichoka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema ukweli: "Torshov. Lenye geti jekundu."

Shemeji yake alinusa gari mara moja tu, akadai funguo zake. Ndiyo maana Jumatatu Asgeir alipanda basi, mojawapo ya yale yanayotembea kwa gesi ya mabaki. Lilipopita Torshov akaiona nyota yake ya kadibodi, imetundikwa juu ya geti jekundu. Uani Bi Borghild alikuwa anaing'arisha sufuria yake juani. Kando yake Synnøve aliuinua mkono wa mtoto, akalipungia basi.

Mkono wa Asgeir ukapunga kabla hajauzuia.

Abiria wa pembeni yake akavuta pumzi puani, akakunja uso, akahamia kiti kingine.