Rwakabuba Aendea Petroli Mbarara

Sogeeni, enyi wakimbizi wa kambi ya Nakivale na enyi wa mbali, mwenye kigoda akalie kigoda na asiye nacho akalie kandambili zake, mpate habari za Rwakabuba, simba wa nyanda za Itombwe kule Kongo, mwana wa wachungaji na mjukuu wa wachungaji, jinsi alivyotoka kwenda Mbarara na chupa tupu akarudi nayo imejaa. Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana mbele kuna mambo mazito.

Ulikuwa mwaka wa 2011, shilingi ya Uganda ilipoporomoka mbele ya dola. Na kwa kuwa nchi haina bahari, na kila tone linaloendesha gari huletwa na malori kutoka pwani na kulipiwa kwa dola hizo hizo, vituo vya mafuta vya Mbarara vikaanza kukauka. Redio ikatoa habari kwa Kiingereza kwamba petrol ni haba. Aliyeidaka Nakivale ni Baudouin, mwenye kibanda cha kuchaji simu, mfalme wa wakalimani, aliyejua Kiingereza kiasi cha kuwatia wenzake hasara. Habari ilipotoka kinywani mwake ilikuwa imenenepa.

"Petroli imeisha mu inchi muzima," alitangaza pale sokoni. "Meli imezama kule Mombasa, na benye serikali banatuficha."

Sasa, kwa Mkongo, petroli ni ile ya kuwasha taa. Inayoendesha pikipiki huitwa esansi, na hiyo hakuna aliyeiulizia. Kabla jua halijafika utosini, Gasore mwenye duka alikuwa amelifukia pipa lake la petroli chini ya magunia ya maharagwe, huku akiapa kwa jina la mama yake kwamba hana hata tone. Wengine wakasambaza kwamba mafuta ya kula ya mgao yakitiwa chumvi huwaka kama petroli. Nyumba kadhaa zikajaa moshi, na mboga zikachemshwa kwa maji matupu.

Rwakabuba aliyasikia hayo akiwa amepiga magoti mbele ya boksi la katoni. Ndani ya boksi hilo, lililopashwa joto na taa ya kandili, walikaa vifaranga wake. Ndiyo, vifaranga. Wazee wake wasingemhesabu mfuga kuku miongoni mwa watu wenye mali, naye aliona aibu, lakini aliwapenda, na kila jioni aliwaita kwa majina ya ng'ombe: Gaju, Bihogo, na wenzao. Mali yake ya kwanza ilichukuliwa na vita. Hii ya pili hakuwa tayari kuiona ikifa kwa baridi ya masika, na kandili lilikuwa limeanza kukohoa.

Mkewe Kabanyana, ngao ya nyumba ile, akamkabidhi chupa kama mtu akabidhiwavyo mkuki.

"Baba Umwiza, ngombe za kwanza zilikwendaka na vita," alisema. "Hizi zisikwende na baridi. Wende."

Akaenda. Alipanda lori la matoke alfajiri, akala vumbi la Isingiro, akashuka Mbarara mbele ya kituo cha mafuta kilichozingirwa na jeshi la bodaboda na madumu. Akajitosa. Alisukumwa, akasukuma, alikanyagwa, akasamehe mguu mmoja na kulipiza mwingine, wala hakuacha nafasi yake hata tumbo liliponguruma kama ngoma ya vita. Mchana ukiwa umekwiva, akafika kwenye pampu, ambako binti mwenye kofia alianza kuijaza chupa yake. Harufu ikampiga puani.

"Hii hapana petroli," alisema Rwakabuba. "Hii ni esansi."

"Mzee, hii ni petrol. Hii ndiyo watu nalala hapa kungojea."

"Ni esansi."

"Ni petrol."

Nyuma honi zikalia. Hapo simba wa Itombwe akanyoosha mgongo, akauhutubia umma.

"Mama, miye nimechunga ngombe tangu Itombwe mupaka Fizi. Harufu ya petroli naijua, inalalaka mu nyumba yangu. Hii ukiiweka mu taa, nyumba inalipuka, na bifaranga byangu binakufa."

"Taa?" Binti akashusha bomba. "Kumbe wewe nataka parafini. Iko kwa ile pampu ya nyuma. Hakuna mtu."

Kweli hakukuwa na mtu. Palikuwa na mbuzi aliyefungwa kwenye pampu, na petroli ya taa tele, ambayo haikuwa imepungua hata siku moja. Rwakabuba alikasirika kwanza, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, mbuzi akimtazama.

Alirudi jua likiwa bado lipo. Vifaranga walikuwa wamelaliana, sauti zao zimefifia. Akajaza kandili, akaliwasha, akangoja mpaka Bihogo akainua kichwa na kulia. Hapo mzee alilia pia, wala hakujificha.

Kisha akaenda sokoni kutoa hotuba ya ushindi.

"Petroli haikuisha. Kule banaiita parafini. Yenye iliisha ni esansi."

Baudouin alisikiliza kwa makini sana. Ugali haujaiva, mbiu ilikuwa imezunguka kambi nzima: petroli imekwisha kabisa duniani, lakini shujaa Rwakabuba ameleta kutoka Mbarara kitu kipya, parafini, kisichotoa moshi na kinachofufua kuku. Kesho yake Gasore alilifukua pipa lake, akafuta neno PETROLI, akaandika PARAFINI, akapandisha bei, na watu wakapanga foleni wakilisifu jina la Rwakabuba.

Shujaa akafungua kinywa asahihishe. Kabanyana akamvuta koti.

"Baba Umwiza, bifaranga biko na joto. Acha ukweli nao upange mustari."

Basi inukeni, mkung'ute kandambili zenu. Petroli ililetwa, Bihogo yu hai, na habari ndiyo hii. Mkifika kwenu msiinenepeshe.