Bosi Hajawahi Kusema Tafadhali

Redio ya Dada Birika, muuza kahawa, ilitangaza kwamba kiwanda kimoja cha magodoro kimemlipa tapeli aliyejifanya mkurugenzi kwa barua pepe. Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Muhuri, mhasibu wa ghala la vigae.

"Wahasibu wa siku hizi!" akafoka Spana, fundi pikipiki. "Ukiwaandikia, 'Mimi malaika, nitumie hela ya mabawa,' wanauliza mangapi!"

Muhuri akameza kahawa ya moto kama dawa. Simuni mwake mlikuwa na barua ya bosi: *Tafadhali ndugu, mlipe msambazaji kwa akaunti hii mpya sasa hivi. Nipo kikaoni, usinipigie. Nakushukuru sana.* Alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe cha kulipa tu. Akilipa tapeli, kazi hana. Akimchelewesha bosi, kazi hana vilevile.

"Umekodoa nini? Soma tusikie," akasema Dada Birika.

Akasoma.

"Si ndiye bosi aliyekuita gunia la saruji mbele ya wateja?"

"Huyohuyo."

"Amewahi kukuambia tafadhali?"

"Dada, siku ya harusi yangu alinipongeza kwa kuuliza funguo za stoo."

"Basi mpigie!"

"Kasema nisimpigie."

"Tapeli ulitaka asemeje, bwege wewe?" Spana akaruka. "Piga namba yake ya siku zote!"

Muhuri akapiga. Simu ikanguruma hadi vikombe vikatikisika: "Akaunti mpya gani, we gunia la saruji? Ukilipa nakufukuza wewe na kivuli chako!"

Muhuri akaiinua simu kama kombe la ubingwa. "Ndiye! Jamani, ndiye mwenyewe!"

Hapo benchi likapitisha azimio zito: barua isiyo na tusi isilipwe, na yenye tusi, bosi apigiwe kwanza.

Kesho yake Muhuri alifika akitamba. "Tapeli karudi! Eti, 'Ndugu mpendwa, umeiokoa kampuni. Chukua likizo ya wiki nzima, na mshahara juu. Asante.'"

"Ukampigia bosi kuhakikisha?" akauliza Dada Birika.

"Ya nini? Nimemjibu, 'Mwizi mkubwa, kalale!'"

Simu ikaita. Muhuri akapokea, akasikiliza, akaanza kusinyaa kama puto lililotobolewa. Alipoishusha, benchi zima lilikuwa limemwinamia.

"Nani huyo?" akanong'ona Spana.

"Ndiye," akajibu Muhuri kwa sauti ya msibani. "Ndiye mwenyewe."