Fidla Nne na Kadi ya Ndege Wawili

Jumatatu, 12 Agosti
Paroko ameniita ofisini kwake. Nikasimama wima kabla hajasema neno. Onesho la mwezi uliopita lilikuwa aibu. Wapiga fidla wanne wametoka Dar, hawadai chochote, wamepigia viti vitupu, mimi na mlinzi. Mlinzi alisinzia. Jumamosi wanarudi. Ukumbi wa parokia usipojaa, Paroko ataangalia upya kama parokia inahitaji karani kweli. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwezi! Bi Verdiana, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa anapanga maua karibu kabisa na mlango. Maua ya plastiki. Yalishapangwa tangu Pasaka. Ana mpwa aliyesomea kompyuta.

Jumanne, 13 Agosti
Nimezunguka kata nzima ya Dunda nikitangaza kwamba kiingilio ni bure. Kosa kubwa. Mzee Mwinyijuma, muuza kahawa, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza: tukishaingia bure, mkafunga mlango, mnachangisha nini? Nikamwambia hatuchangishi. Akasema hata wale waliochangisha bati la msikiti walianza hivyohivyo. Wengine waliahidi kuja Mungu akipenda, kwa sauti iliyoonyesha kwamba hapendi.
Wazo limenijia nikila chapati. Kitu cha bure watu hawakiheshimu. Wanaheshimu kadi. Mtu akipewa kadi anaisimamisha juu ya kabati la vyombo ili wageni waione.

Jumatano, 14 Agosti
Nimekwenda kwa Mikdad, mwenye duka la kuchapisha. Ana kadi zilizobaki za harusi iliyovunjika: kingo za dhahabu, ndege wawili wamegusana midomo. Nilimwomba aondoe ndege. Akasema wameshachapwa hao, hawaruki.
Maneno nimeyachagua kwa uangalifu. Sikutaja fidla, zinafukuza watu. Niliandika: Hafla fupi, ukumbi wa parokia, Jumamosi saa kumi jioni. Mwenyeji wenu, Cosmas. Mikdad akauliza, singo au dabo? Dabo, nikasema, kadi moja watu wawili. Viti ni vingi.
Sina hofu. Karibu sina hofu.

Ijumaa, 16 Agosti
Kadi zimegombewa! Watu wananisimamisha njiani kunipongeza. Nilidhani wanapongeza juhudi zangu.
Jioni mwenye nyumba wangu, Bi Hajra, alikuwa amenuna. Eti naishi uani kwake, napikia mkaa wake, halafu naoa, na yeye anasikia kwa Mwaija wa mtaa wa pili. Nikafungua mdomo nikanushe. Nikaviona vile viti vitupu. Nikaufunga. Nikamwambia kesho atajionea mwenyewe. Si uongo. Nimeipima sentensi hiyo kila upande, si uongo.
Wanawake wa mtaa wameshachagua sare. Vitenge vya kijani.
Bi Verdiana naye alikuja ofisini. Anataka kujua bibi harusi ni wa parokia gani na mbona ndoa haijatangazwa kanisani Jumapili hata moja. Nikamjibu kwamba wahusika wanatoka Dar. Hilo pia si uongo. Aliondoka kwa mwendo wa mtu mwenye habari.

Jumamosi, 17 Agosti
Saa kumi hakuna mtu. Nikaanza kufikiria kurudi kwa mama. Kumbe harusini nani anafika saa ya kwenye kadi? Karibu na magharibi wakaja wote kwa mpigo, viti vikaisha, wakakaa mpaka madirishani. Paroko akanishika bega! Nilitaka onesho liishie hapo.
Wapigaji wakaketi. Kiongozi wao ni dada anayeitwa Hope. Blauzi nyeupe ya lesi. Nilipoiona lesi, nikaanza kusogea kuelekea mlangoni.
Wimbo wa kwanza, kimya kizuri. Wa pili, watu wakaanza kunong'onezana mbona hakuna harufu ya pilau. Wa tatu ulikuwa wa polepole, wa huzuni. Hapo ndipo Bi Hajra alipoinuka. Nyuma yake kijani kitupu. Wakaja kwa mstari wakicheza, vigelegele, masufuria vichwani, wakamtunza Hope. Khanga mabegani. Seti ya vikombe magotini pa yule wa fidla kubwa. Hope hakuacha kupiga, alipiga akiwa ndani ya khanga tatu. Mimi nilikuwa karibu na mlango, na nilikuwa na sababu zangu. Bi Hajra akageuka.
"Cosmas mwanangu, bibi harusi yuko kazini siku ya harusi yake, na wewe umesimama mlangoni kama bawabu?"
Paroko akauliza harusi ya nani. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Hakuna." Bi Verdiana alitabasamu kwa meno yote.
Hakuna aliyeondoka. Mzee Mwinyijuma alisema kanzu yake imepigwa pasi na hairudi nyumbani hivihivi. Ikabidi wapige nyimbo zote upya.

Jumatatu, 19 Agosti
Paroko ameamuru nirudishe zawadi nyumba kwa nyumba na kuomba radhi kila mlango. Nilishafungasha nguo. Kisha Hope akampigia simu: hawajawahi kupokewa hivyo mahali popote, wanaomba kurudi, na je, vikombe ni lazima virudi? Nimeongezewa mwezi mmoja. Ukumbi ujae tena tarehe 21 Septemba, ila safari hii nisimdanganye mtu.
Bi Hajra amepokea sufuria yake, akachungulia ndani kama kuna pilau. Hamna. Akaingia zake.

Jumatano, 21 Agosti
Zawadi ya mwisho imerudi. Nyumba hiyo nimeikuta na msiba. Nikatoa pole, nikakaa. Nikatazama.
Turubai limejaa mpaka barabarani. Hakuna aliyepewa kadi. Hakuna aliyeuliza kiingilio. Waliochelewa wamekaa mkekani bila kulalamika. Na kimya! Ule wimbo wa huzuni ungepita pale bila mtu kuinuka na sufuria.
Mambo ya kadi basi, nimejifunza. Nilipotoka nimeulizia turubai la kukodi, lipo. Na kwa kuwa Paroko hataki mtu adanganywe, kinachokosekana ni marehemu tu. Baba yangu mdogo wa kule Makurunge anakohoa tangu Pasaka. Kesho nitampigia simu, nimjulie hali, kisha nimuulize kwa adabu kama tarehe 21 ana nafasi.