Mkono wa Kulia wa Mratibu

Kwa heshima kubwa umma ulitangaziwa kwamba tatizo la mishipa ya fahamu limepatiwa ufumbuzi. Halikuwa limepata dawa. Lilikuwa limepata ofisi. Iliitwa Ofisi ya Uratibu wa Mafunzo ya Madaktari Watafiti wa Majeraha na Uchakavu wa Mishipa ya Fahamu, na kibao chake kilipoletwa ilibidi mlango upanuliwe. Madaktari wangefundishwa kutibu asubuhi na kutafiti mchana, ili swali linalozuka kitandani kwa mgonjwa likatafutiwe jibu maabara.

Mratibu wa ofisi hiyo alikuwa mtu makini. Wiki ya kwanza tu aligundua hatari ambayo wengine wote hawakuiona: daktari mtafiti ni mtu mmoja. Sasa mtu mmoja akijipelekea mgonjwa, akampokea yeye mwenyewe, huo si mgongano wa maslahi? Akaketi, akaandika Mwongozo wa kurasa mia moja na kumi. Kwa mujibu wa Mwongozo, kila mwanafunzi angekuwa watu wawili. Asubuhi avae koti jeupe, awe daktari. Saa nane avae la buluu, awe mtafiti. Daktari akimpata mgonjwa anayefaa, amwandikie mtafiti barua. Barua ipite kwa Mratibu, ikae siku kumi na nne ili pande zote mbili zitafakari, kisha isainiwe. Daktari na mtafiti walikatazwa kabisa kuzungumza.

Mwanafunzi alikuwa mmoja, mwanamke asiye na maneno mengi, ambaye wauguzi walimpachika jina la Daktari Pacha. Yeye alishughulika na mikono iliyolegea: mtu amebanwa mshipa wa fahamu, kifundo cha mkono kimeanguka, kiganja kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Alitaka kujua kama gango la kuushikilia mkono na mashine ndogo ya kuamsha mshipa kwa umeme, vikianza ndani ya siku saba za mwanzo, vinaurudisha mkono upesi kuliko kusubiri tu.

"Bwana Mratibu," alimwambia, "utafiti wangu unataka siku saba. Kibali chako kinachukua kumi na nne."

Mratibu alilipima jambo hilo kwa uadilifu. "Basi wagonjwa wahamasishwe kuomba mapema."

"Mapema kabla ya nini?"

"Kabla ya kuumia."

Fomu ya maombi ya kabla ya kuumia ikachapishwa. Mwaka ukaisha bila mgonjwa hata mmoja kuingia kwenye utafiti, na taarifa ya mwaka ikaeleza kwa fahari kwamba katika utafiti huo hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Jumatatu moja akaja fundi cherehani. Alikuwa akimuuguza mama yake wodini. Jumamosi akapitiwa na usingizi kitini, mkono ameutundika juu ya egemeo, na alipozinduka kiganja hakikutii tena. Ilikuwa siku yake ya tatu. Daktari Pacha akaandika barua, akaipeleka mbio kwa Mratibu, na Mratibu akaiweka kwenye trei ya kutafakari.

"Mkono huu ndio unaolisha nyumba, mzee," fundi alisema mlangoni.

"Serikali inatambua umuhimu wa mikono," Mratibu alimjibu, akamwonyesha benchi la kusubiri.

Jumanne kulikuwa na kikao kirefu kuhusu uwajibikaji. Mratibu, akiwa mwenyekiti, aliutundika mkono wa kulia nyuma ya kiti na kufumba macho ili asikie vizuri. Alisikia vizuri kwa muda mrefu sana. Wajumbe walipomgusa, ajenda zilikuwa zimekwisha, na kiganja chake kilikuwa kinaning'inia.

Asubuhi yake mkewe alimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Mume wangu, umerudi chekechea," alisema, lakini macho yalikuwa na wasiwasi. Mratibu akaenda kliniki. Koti jeupe likampokea.

"Nyanyua kiganja, mzee." Hakikunyanyuka. "Mshipa umebanwa. Bahati nzuri haujakatika."

"Nitibu basi."

"Gango na mashine viko kwa mtafiti."

"Mtafiti si wewe?"

Daktari Pacha alilitazama koti lake. "Mimi hapa ni daktari."

"Mwambie basi."

"Tumekatazwa kuzungumza."

Saa nane akarudi. Koti la buluu likamkaribisha kwa adabu. "Shikamoo mzee. Unasumbuliwa na nini?"

"Si umeniona asubuhi!"

"Labda ulionana na daktari. Huyo simjui vizuri." Alisema hivyo mkavu kabisa, kisha akashusha sauti. "Mzee, mashine hii hapa, na mimi nipo. Niletee vibali viwili vyenye saini, chako na cha yule fundi, nianze leo hii."

Mratibu alirudi ofisini akafuta zile siku kumi na nne kwa dharura ya kitaifa. Kilichobaki ni saini. Kalamu ikamponyoka mkono wa kulia mara tatu. Akatumia wa kushoto, akapeleka karatasi kwa karani mzee aliyeitwa Mama Masjala. Huyu alitoa kadi ya saini kabatini, akalinganisha, akavua miwani.

"Hii saini si ya mzee."

"Mama, umeniona nikisaini."

"Nimekuona. Lakini Mwongozo haunitumi niamini macho, unanituma nilinganishe."

"Nitatia dole gumba."

"Dole linaruhusiwa kwa asiyeweza kusaini. Na asiyeweza kusaini hawezi kuwa Mratibu. Kifungu cha tisa, ukurasa wa themanini. Umekiandika mwenyewe, mwandiko nilikuwa nausifia."

Alhamisi nzima Mratibu alikaa amefunga mlango, akipima kiti upande huu, mkono upande ule. Miaka ishirini na sita alikuwa amekipandia kiti kile cheo kwa cheo. Ijumaa asubuhi akatoka, akajikuta amekaa benchi moja na fundi cherehani, mikono yao miwili imelala mapajani, inafanana.

"Leo ni siku yangu ya saba," fundi alisema. Hakulalamika. "Nimeshamwambia mke wangu tuuze cherehani."

Mratibu aliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli. Lakini tusimpambe: woga ulikuwa mwingi zaidi. Alikumbuka vifungo vya shati. Akainuka, akaenda masjala, akachovya dole gumba la kushoto kwenye wino, akakiri kwa maandishi kwamba hawezi kusaini. Saa nne na nusu hakuwa Mratibu tena.

Kaimu alipaswa kuwa mwenye cheo kinachofuata, na katika mafunzo yale hakukuwa na mwingine ila Daktari Pacha. Aliketi kitini, akasaini barua ya daktari, ya mtafiti na ya Mratibu kwa kalamu moja kabla chai haijapoa. Fundi alifungwa gango wa kwanza kwa sababu alikuwa mbele kwenye foleni. Mratibu wa zamani alifuata, na hakuna aliyemsikia akidai itifaki.

Wiki ya tano fundi alipenyeza uzi kwenye tundu la sindano, akalia mbele ya wauguzi bila kujificha. Mkono wa Mratibu nao ulinyanyuka. Alivaa tai aliyojifunga mwenyewe, akaenda ofisini kudai kiti chake, na Mama Masjala akampa bahasha kutoka Makao Makuu. Ilisomeka hivi: "Imebainika kwamba tangu mkono wako wa kulia uache kufanya kazi, wagonjwa kumi na mmoja wamehudumiwa, ilhali kabla ya hapo hakuhudumiwa hata mmoja. Kwa kuwa hakuna badiliko jingine lililoripotiwa, imethibitika kisayansi kwamba chanzo cha mafanikio ni mkono huo. Kwa manufaa ya taifa unaagizwa, hata ukipona, usisaini tena hati yoyote. Tunakupongeza kwa mchango wako katika utafiti."

Alisoma mara mbili. Mama Masjala akamsogezea daftari la barua na kalamu.

"Saini hapa, mzee, kwamba umepokea."

Mratibu akaishika kalamu. Haikumponyoka. Akasaini, saini safi iliyonyooka kuliko zote alizowahi kuweka, na Mama Masjala akaipuliza wino ukauke, akafunga daftari.