Makumbi ya Kukausha Hewa

Jumatatu, 27 Ramadhani, Chula.
Nimerudi kisiwani baada ya miaka mingi ya ukimbizi Mombasa, na bado naitwa mgeni. Basi! Keshokutwa nitakuwa wa kwanza kuuona mwezi wa Idi. Ushahidi wangu ukikubaliwa msikitini, nani tena ataniita mgeni? Kikwazo ni Abdulrazaq. Kila mwaka huuona yeye. Macho ya kozi, mdomo wa kasuku.

Jumanne, 28.
Magharibi kumetanda weupe. Nimesoma sababu yake: chembe za chumvi zilizomo hewani hunywa unyevu, zikavimba, zikatawanya nuru. Hewa ikikauka, zinasinyaa, macho yanapenya. Nikamweleza Abdulrazaq. Akauliza chumvi gani hiyo isiyo na haya, inakunywa mchana wa Ramadhani. Watu wakacheka. Hata dadangu Bimdogo!
Nitaikausha hewa. Moto mkubwa ufuoni, upande wa machweo. Nimekusanya makumbi ya nazi. Yamelowa kidogo. Haidhuru.

Jumatano, 29.
Ole wangu! Makumbi hayakuwaka, yalifuka. Moshi ukanywa unyevu, ukavimba kuliko chumvi ya bahari nzima. Ukuta mweupe mbele ya kila jicho! Abdulrazaq akasema kwa lahaja ya kisiwani mchu huyu, yaani mtu huyu, katoka Mombasa kuja kutupikia mwezi. Imamu akasema hakuna ushahidi, kesho tunafunga.
Tende nimeirudisha sahanini. Na kama mwezi ulikuwapo? Nitakuwa nimekifungisha kisiwa kizima siku ya Idi, na ni haramu! Hapa atanizika nani? Simu nazo hazishiki.

Alhamisi, 30.
Mtandao umerudi. Kisiwa jirani cha Kudhaa hawakuuona. Kismayo hawakuuona. Mombasa, anga safi kabisa, hawakuuona. Mwezi haukuwapo! Alhamdulillahi! Nimemlilia Bimdogo begani.
Kisha akaja Abdulrazaq, sauti chini. Akasema jana, kabla ya moshi, aliona kitu mfano wa ukucha, akawa tayari kuapa. Kumbe si mwezi. Angalitulisha sote mchana wa Ramadhani! Akaniita kaka. Mbele ya watu.

Ijumaa, Idi.
Nimekula biriani nyumba tatu. Imamu ameniomba nisiwashe moto tena. Nimekubali, moto ulikuwa kosa. Mwezi wa Mfungo Tatu ukingojewa, ule wa Idi Kubwa, tutamwaga chumvi ya jikoni ufuoni, magunia manne, iunywe unyevu wote kabla ya ile ya hewani. Abdulrazaq atabeba mawili.