Kimeng'enya cha Ukili

Jumatatu, 13 Novemba 2023

Taarifa imefika Mbekenyera. Ijumaa ya wiki ijayo, uwanjani Nachingwea, sisi wahudumu wa afya wa vijiji tutashindana kutoa elimu kuhusu usugu wa dawa. Wilaya mbili, Ruangwa na Nachingwea. Mshindi anakwenda Lindi kuzungumza mbele ya mkoa mzima. Mwaka jana alishinda Nicholaus wa Malolo, kwa kuimba. Kuimba! Nilikaa naye dawati moja kidato cha nne. Kemia yake naijua.

Mwaka huu Lindi naenda mimi.

Hali ya mwili: nina jipu. Mahali pa kukalia, upande wa kulia. Nesi Safina wa zahanati amelitazama, kwa heshima zote, akanipa amoksilini ishirini na moja. Kimoja mara tatu kwa siku, siku saba. Akasema nivimalize hata nikipona, na kwamba hivyo ndivyo anavyomwambia kila mtu. Nikamkumbusha kuwa kijijini hapa anayemwambia kila mtu ni mimi.

Alhamisi, 16 Novemba

Jipu limenywea! Leo nimekula ugali nikiwa nimeketi, dakika kumi na moja kwa saa ya simu. Nimemeza vidonge tisa. Mwili umeshaelewa. Kumi na viwili nimevihifadhi.

Habari kubwa. Saada, binti wa dada yangu, anasoma chuo kikuu Dar es Salaam. Nilimwomba kitu cha kumnyamazisha Nicholaus, naye amenitumia picha. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Ni umbo la kimeng'enya, kile ambacho bakteria hukitengeneza ili kuvunja dawa. Saada anasema wanasayansi walikisafisha, wakakiacha kigande taratibu mpaka kikawa fuwele, kama punje ya chumvi. Kisha wakaipiga fuwele eksrei na kukokotoa kila chembe imekaa wapi. Kina tepe zilizojisokota na tepe zilizolala sambamba, na katikati kishimo. Dawa ikiingia kishimoni, pete yake ya pembe nne inapasuliwa, kama korosho kwenye mashine ya kubangua. Kimeng'enya chenyewe hakichubuki. Kinasubiri kidonge kinachofuata.

Saada aliendelea kuhusu watu wanaokatiza dozi, kwamba bakteria wenye mashine hiyo ndio wanaobaki na kuzaana. Ujumbe mrefu sana. Nikarudi kwenye picha.

Ijumaa, 17 Novemba

Mpango wa kwanza: kuotesha fuwele mbele ya hadhira. Maji ya moto, chumvi nyingi, uzi, sufuria. Nikaacha dirishani, nikaenda kuswali.

Niliporudi, sufuria ilikuwa jikoni na fuwele imo kwenye kisamvu. Mke wangu, Sofia, alisema amekuta maji yameshatiwa chumvi, akafurahi kwamba baada ya miaka kumi na minne baba Imrani amesaidia kupika. Kisamvu hakikulika. Kuku walikionja wakaondoka.

Mpango wa pili unahitajika.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimepata! Tepe za kimeng'enya ni ukili! Ukili mtupu! Sofia ameusuka miezi miwili, zambarau, kijani na mwekundu, kwa ajili ya mkeka wa harusi ya mdogo wake kule Mandawa. Nimeazima wote. Nimesimamisha fito za mianzi, nikasokota ukili mwekundu kwa tepe za mviringo, wa kijani kwa zile zilizolala. Kimo changu kabisa. Nimefuata picha ya Saada tepe kwa tepe, kwa rula.

Mzee Bakary, jirani, alisimama njiani akauliza ni nini hiki. Nilimweleza nusu saa: bakteria, fuwele, eksrei. Aliitikia kwa kichwa, akasema ameelewa vizuri, na kwamba mimi mjukuu wake nina akili. Kisha akauliza kitaingia kuku wangapi.

Tatizo lililobaki: dawa inayoingia kishimoni. Nilijaribu korosho, haionekani kwa mbali. Nilijaribu maharage, yanafanana na maharage. Ndipo nikakumbuka vidonge vyangu kumi na viwili. Nyekundu na njano! Nimevifunga uzi mmoja mmoja, vinaning'inia mlangoni mwa kishimo kama vinaingia. Hakuna kilichopotea. Huo ndio utaratibu.

Jumatatu, 20 Novemba

Sofia amefungua kapu la ukili. Kapu tupu. Akatoka uani polepole, akauliza kwa sauti, majirani wote wasikie, kama kuna panya mwenye cheti cha kidato cha nne anayeishi humu ndani. Nilimweleza kwamba ukili wake sasa ni sayansi. Akasema mdogo wake hatalalia sayansi siku ya harusi. Tumekubaliana: Ijumaa jioni ukili urudi, pindo kwa pindo, la sivyo mimi ndiye nitakayeusuka upya.

Jipu limeanza kurudi. Pale pale.

Jumatano, 22 Novemba

Jipu kubwa kuliko la kwanza. Nakula nimesimama, naandika nimesimama. Nesi Safina ameniona nikitembea upande upande kama kaa, akauliza kama nilimaliza dawa. Nilijibu kwamba dawa zote zinatumika. Ni kweli tupu, ukiangalia vizuri.

Nilifikiria kuvishusha vile vidonge nivimeze. Nikatazama kishimo. Kishimo bila dawa kitabaki shimo tu, na Nicholaus atacheka. Hapana. Nitavumilia hadi Ijumaa.

Ijumaa, 24 Novemba

Naandika nimelala kifudifudi.

Nimesafiri kwa bodaboda, kimeng'enya mgongoni, mimi nimesimama juu ya vikanyagio. Dereva alisema abiria wa namna hii hajawahi kumpata, na kwamba kama ningetaka kuuza tenga ningeuzia Ruangwa, ni karibu.

Uwanja umejaa. Nicholaus alitangulia. Wimbo wake una maneno mawili tu, "Maliza dozi", yakirudiwa na kupigiwa makofi. Dakika nne, akashuka. Nilimhurumia.

Nikapanda mimi. Dakika arobaini! Nilieleza fuwele. Nilieleza eksrei. Nilieleza kila tepe. Nilipasua korosho kwa meno mbele ya mgeni rasmi kuonyesha jinsi pete inavyovunjika. Watu walikuwa kimya kabisa, na walioamka waliendelea kuwa kimya.

Kisha akasimama bibi mmoja wa mbele, Bi Sikudhani, mkunga wa siku nyingi. Kiswahili chake cha kuokoteza, sauti kama kengele. Alisema mimi, mjukuu wake, nimesema vizuri, yeye hajasoma, anauliza kidogo tu. Vile vidonge pale juu ni vya nani?

Nikasema ni vyangu, bibi.

Akauliza nani kanipa.

Nikasema zahanati, nilikuwa mgonjwa.

Akauliza kama mgonjwa kapona, mbona kasimama kama ana mwiba? Na kama hajapona, mbona dawa zinacheza bembea?

Nilianza kueleza fuwele upya. Mtu mmoja nyuma akaanza "Maliza dozi". Uwanja mzima ukaitikia, na makofi. Mgeni rasmi alipiga makofi pia. Nicholaus, nitakiri, hakucheka. Alikuja mbio na kiti cha plastiki, akasema kaa, mtani wangu, umechoka. Nilisema sitaki. Mgeni rasmi akasema tafadhali aketi. Wakanishika mabega kwa upendo.

Nikaketi.

Nitaandika tu kwamba jipu limepasuka, kwamba suruali ilikuwa ya kijivu, na kwamba Lindi anakwenda Nicholaus.

Jumatatu, 27 Novemba

Hospitali. Ijumaa ile ile walichukua usaha wakaupandikiza maabara, leo nimefuata majibu. Mtaalamu wa maabara, Mbaruku, kijana mpole, ameniambia amoksilini haiwafanyi lolote bakteria wangu. Wanaivunja. Nikauliza wanaivunja kwa nini. Akasema kwa kimeng'enya.

Changu! Ninacho mwenyewe! Nilimpa mkono. Nilimwomba akigandishe kiwe fuwele, akipige eksrei, kiitwe jina langu. Akasema vifaa hivyo hawana. Nikauliza kama na Nicholaus anacho. Akasema hazungumzii watu wengine. Maana yake hana.

Daktari amenipa dawa nyingine. Ni amoksilini yenye mwenzake ndani. Huyo mwenzake anakwama kishimoni kama jiwe kwenye mashine ya korosho, kisha amoksilini inapita salama. Kazi safi sana. Vidonge kumi na vinne, asubuhi na jioni, siku saba. Alinitaka nirudie maelekezo mara tatu. Nilirudia kwa ufasaha.

Nicholaus amepiga simu kunijulia hali. Aliomba ruhusa kunitumia kama mfano huko Lindi. Nimekubali, kwa sharti kwamba aonyeshe picha ya kimeng'enya na asiseme jipu lilikuwa wapi.

Ukili umerudi. Sofia ameuhesabu pindo kwa pindo. Hanisemeshi, lakini amenipa mto wa kukalia.

Jumatano, 29 Novemba

Uvimbe umeshuka! Nimeketi dakika ishirini na mbili!

Nimetafakari kwa kina, na nimeona kosa lilipokuwa. Ni saa. Mtu akimeza asubuhi na jioni, kila siku, saa zile zile, kimeng'enya kinajua. Kinakaa mlangoni kinangoja. Hata mimi ningengoja. Daktari hakulifikiria hilo, na simlaumu, ana wagonjwa wengi.

Kwa hiyo nimeandaa ratiba mpya, kwa rula na kalamu mbili. Alhamisi kidonge kimoja saa nne. Ijumaa kupumzika, kiamini nimekata tamaa. Jumamosi nusu kidonge alfajiri. Jumapili hapana. Jumatatu viwili kwa pamoja, ghafla! Kwa njia hii vidonge vitafika hadi katikati ya Desemba, na hakitajua nakuja lini.

Nakala moja nimeibandika mlangoni mwa zahanati, ili na wengine wafaidike.